Røros: majira ya Oktoba hadi Desemba

Røros ni mji mdogo wa mlimani katikati ya Norwei, mita 628 juu ya usawa wa bahari, si mbali na mpaka wa Uswidi. Kuanzia 1644 hadi kampuni ya shaba ilipofilisika mwaka 1977, watu wake waliishi kwa kuchimba na kuyeyusha shaba. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waandishi wengi wakifika kwenye habari za hali yake ya hewa hukimbilia Januari 1914, kipimajoto kiliposhuka hadi zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo ni tukio la nadra. Majira yaliyoamua riziki ya mji, mwaka hata mwaka, ni yale majuma ya kati: majani yamekwisha kupukutika, na theluji ya kudumu bado haijashika.

Mabadiliko ya kwanza ni ya mwanga. Tarehe mosi Oktoba mchana wa Røros una zaidi ya saa 11. Kufikia mwisho wa Novemba haufiki saa 6, na jua la adhuhuri huinuka digrii 6 hivi tu juu ya upeo wa macho, kiasi kwamba kilima cha kawaida upande wa kusini hutosha kulificha. Jua la namna hiyo huangaza lakini halipashi joto. Mvua na theluji za mwaka mzima hukaribia milimita 500, kipimo kidogo kwa nchi inayosifika kwa mvua, kwa sababu mawingu ya Atlantiki huushusha mzigo wao kwenye milima ya magharibi. Røros hubaki na anga kavu, na anga kavu ndiyo mlango wa baridi.

Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi kuelekea angani. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huwa nzito, huteremka kutoka miinukoni na kutuama bondeni mji ulipo, kama maji kwenye beseni. Ndiyo maana asubuhi ya Novemba mtu anayepanda kwenda Storwartz, kwenye machimbo ya zamani mashariki ya mji, huweza kukuta joto likiongezeka kadiri anavyopanda. Hewa hiyo iliyotuama hushikilia na moshi. Leo ni moshi wa kuni za majumbani. Enzi za kazi ulikuwa moshi wa salfa, kwani mbale ya shaba ilichomwa kwenye marundo ya wazi kabla ya kuingizwa tanuruni. Moshi huo, pamoja na ukataji wa miti kwa ajili ya makaa, uliiacha ardhi ya kandokando ya mji bila miti. Vilima vyeusi vya mabaki ya tanuru, vilivyomwagwa kwa vizazi vingi ukingoni mwa mto Hyttelva, vingali vimesimama juu ya vijumba vya magogo.

Baridi inayoogopwa kuliko zote ni ile inayoitangulia theluji. Theluji ina hewa nyingi ndani yake, na ikishaifunika ardhi huzuia joto la chini lisitoroke. Ardhi ikiwa tupu, baridi hupenya kwenda chini siku hadi siku, na mabomba ya maji hupasuka. Maji yaliyo udongoni nayo yakiganda huvimba na kuinua mawe ya msingi. Hapa nyumba za kale za Røros zinaonyesha akili ya mafundi wake. Magogo hayakupigiliwa misumari pembeni: kila gogo limechongwa mdomo na kulazwa juu ya mwenzake kwa kupishana. Msingi ukiinuka, pembe hujongea kidogo, kisha hurudi chini majira ya joto yanapowadia. Ukuta wa matofali ungefanya ufa.

Lakini jambo kubwa la majira haya lilikuwa usafirishaji. Mwaka 1646 Mfalme Christian IV aliipa kampuni haki ya kutumia eneo la duara lenye nusu kipenyo cha karibu kilomita 45 kuzunguka mgodi wa Storwartz. Ndani ya duara hilo madini, misitu na mito vilikuwa chini ya kampuni, na wakulima walilazimika kuichomea makaa, kuikatia kuni na kuisombea mizigo. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni vinamasi na maziwa. Wakati wa kiangazi magurudumu yalizama. Baridi ilipogandisha kila kitu, farasi mmoja aliyefungwa sleji alikata njia iliyonyooka juu ya kinamasi na ziwa, akivuta mzigo ambao mwezi Agosti usingesogea. Mbale kutoka migodini, makaa kutoka misituni, shaba iliyokwisha kuyeyushwa kwenda bandari ya Trondheim: vyote viliisubiri barafu. Hata nyasi za ng'ombe, maana wachimbaji walifuga ng'ombe nyuma ya nyumba zao humo humo mjini, zilikatwa kiangazi mbali na mji, zikahifadhiwa kwenye vibanda, zikaja kuchukuliwa kwa sleji.

Kwa hiyo Novemba ulikuwa mwezi wa kusubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa mashaka, kwa sababu mji uliitaka theluji na kuikataa kwa wakati mmoja. Nchi kavu ilihitaji theluji mapema, ili sleji ziteleze na ardhi isigande kupita kiasi. Ziwani theluji ya mapema ilikuwa hasara: ikiangukia barafu changa huikinga na baridi ya angani, na barafu hainenepi tena upesi. Uzito wake huikandamiza barafu hadi maji yakapanda juu kupitia nyufa, yakalowanisha theluji na kuigeuza tope. Barafu iliyoganda kwa utulivu, nyeusi na angavu, ni imara kuliko ile nyeupe iliyochanganyika na theluji. Penye midomo ya mito huwa nyembamba hata kama katikati ya ziwa inabeba farasi, kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi kirahisi. Msombaji aliyeshindwa kusoma tofauti hizo alihatarisha farasi, mzigo na uhai wake.

Mwaka 2010 UNESCO ilipoupanua Urithi huo, iliiingiza pia njia ya usafirishaji ya majira ya baridi. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwani bila njia hiyo iliyoyeyuka kila mwaka, tanuru lisingekuwa na cha kuyeyusha. Mwandishi Johan Falkberget, aliyefanya kazi mgodini tangu utotoni, alimfanya msomba mbale wa kike, An-Magritt, kuwa mhusika mkuu wa riwaya zake za Nattens brød, na wasomaji wengi wa Norwei wameijua kazi hiyo ngumu kupitia kwake.

Majira hayo hayo yamewahi kuuletea mji vita. Mwishoni mwa 1718 kikosi cha jeshi la Uswidi kiliingia Røros na kuchukua shaba iliyokuwapo. Mapema 1719, jeshi hilo likirudi kwao chini ya Jenerali Armfeldt, lilikumbwa na dhoruba katika milima ya Tydal, kaskazini ya Røros, na karibu askari 3,000 wakafa kwa baridi.

Reli iliyofika mwaka 1877 iliipunguzia sleji kazi, na kituo cha umeme cha Kuråsfossen, kilichojengwa 1896, kikaanza kuipa migodi nguvu. Mgodi wa Olavsgruva sasa ni makumbusho. Ndani yake joto halibadiliki, nyuzi 5 hivi mwaka mzima, hivyo mgeni anayeshuka humo mwezi Novemba huenda akaona afadhali chini kuliko juu.

Wanaoishi bado kwa kuisoma hali ya hewa ya majira haya ni wafugaji wa Kisami, wenye makundi ya kulungu wa nchi za baridi katika milima ya jirani. Kulungu hao hufukua theluji kwa kwato ili wafikie mimea midogo ya ardhini. Baridi kavu na theluji laini haziwasumbui. Kinachowadhuru ni joto kupanda ghafla juu ya sifuri, mvua ikanyesha juu ya theluji, kisha kila kitu kigande upya na kuwa gamba gumu ambalo kwato hazilitoboi. Kadiri Norwei inavyozidi kupata joto, ndivyo hatari ya mvua ya namna hiyo inavyokua, na ikitokea, mfugaji hana budi kulihamisha kundi au kulinunulia chakula.