Vesta na Safari ya Dawn

Ukiitoa Ceres, hakuna gimba katika ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, linaloizidi Vesta kwa uzito. Iligunduliwa tarehe 29 Machi 1807 na Heinrich Olbers, tabibu wa Bremen, Ujerumani, aliyeutumia usiku kutazama nyota. Ceres ilikwisha kuonekana mwaka 1801, kisha Pallas na Juno. Olbers aliamini kuwa zote ni vipande vya sayari moja iliyopasuka, akaendelea kusaka vingine. Jina la Vesta lilichaguliwa na mwanahisabati Carl Friedrich Gauss.

Kwa zaidi ya miaka 150 Vesta ilibaki nukta tu ndani ya darubini. Mwaka 1970 ilibainika kwamba mwanga unaoakisiwa nayo unalingana na ule wa vimondo fulani vya mawe ya volkano. Shaka ilikuwa ni namna mawe hayo yalivyobanduka. Katika miaka ya 1990 darubini ya Hubble ilionyesha shimo kubwa mno kwenye ncha ya kusini, ambalo huenda ndiko yalikobanduka.

Chombo cha kwenda kuhakikisha, Dawn cha NASA, nusura kisiruke: mradi ulifutwa Machi 2006, ukarudishwa mwezi huohuo. Kiliondoka Septemba 2007, kikasafiri kwa injini ya ayoni, ambayo husukuma kwa nguvu ndogo kama uzito wa karatasi kiganjani, lakini miezi kwa miezi bila kuchoka. Kiliizunguka Vesta kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012, kikaenda Ceres na kufika Machi 2015. Hakuna chombo kingine kilichowahi kuzunguka magimba mawili ya mbali namna hiyo.

Shimo lile, Rheasilvia, lina upana wa kilomita 500 hivi, wakati kipenyo cha Vesta yenyewe ni kilomita 525. Vipimo vya mvutano vilionyesha kiini cha chuma: Vesta iliwahi kuyeyuka, chuma kikazama, mwamba ukaelea juu, kama ilivyokuwa kwa Dunia. Basi Olbers alikosea. Vesta si kipande cha sayari. Ni sayari iliyokwama changa, na vipande ndivyo vinavyotoka kwake.

Mafuta ya kuielekeza Dawn yaliisha mwaka 2018, na chombo kingali kinaizunguka Ceres, kimya. Hakikuleta jiwe lolote. Mawe ya Vesta yaliyomo maabara ni vimondo vilivyojileta, kama kile kilichoanguka Tatahouine, Tunisia, mwaka 1931, na vingine vilivyookotwa katika jangwa la Dhofar, Oman.