Kazi ya Kumaliza mbele ya Kufa

Kila mutu mwenye akili anaweka moyoni mwake hesabu ya mambo anayotaka kuyafanya mbele ya kufa. Mukulima anataka kujenga nyumba ya matofali. Mama anataka kuona mutoto wake wa mwisho akifunga ndoa kanisani. Museminari anataka kupanda altareni siku moja. Katekista anataka kuacha kanisa mahali alipokuta majani matupu. Si vibaya. Mutu asiye na shabaha ni sawa na mutumbwi usio na kafi. Lakini kuna ulizo linalotugusa sisi kuliko wengine: kama kifo kinafika mbele ya kazi kwisha, je, maisha yamepotea bure? Historia ya Eklezia inatupa mifano mitatu. Mumoja alimaliza, mumoja alizuiwa, na mumoja aliweka kalamu chini mwenyewe. Tuwaangalie mumoja mumoja, kisha turudi kwetu.

Wa kwanza ni Mutakatifu Beda, anayeitwa Mwenye kuheshimiwa. Alizaliwa kaskazini ya Uingereza karibu na mwaka 673. Alipokuwa na miaka saba, jamaa yake walimutoa kwa monasteri ya Wearmouth. Baadaye akaishi katika monasteri ya Jarrow mupaka kufa. Hakusafiri sana. Kazi yake ilikuwa kusali, kufundisha na kuandika. Katika mwaka 731 alimaliza historia ya Eklezia ya Waingereza, kitabu ambacho wenye elimu wanakitumia hata leo. Mwingine angesema: inatosha, sasa nipumzike. Yeye hakupumzika.

Mbele ya Pasaka ya mwaka 735 pumzi ilianza kumupungukia. Habari ya siku zake za mwisho tunaijua kwa barua ya mwanafunzi wake Cuthbert. Wakati ule Beda alikuwa na kazi mbili mukononi: kugeuza Injili ya Yoane katika lugha ya watu wake, na kuchagua mafundisho katika kitabu cha Isidoro wa Sevilla, maana hakutaka wanafunzi wake wasome makosa wakati yeye atakapokuwa kaburini. Hakutafuta sifa. Mwaka mumoja mbele yake, alikuwa amemuandikia Egbert, askofu wa York, kwamba mara nyingi aliwapa mapadri wasiojua kilatini Nasadiki na Baba Yetu katika lugha ya kwao. Aliona njaa ya watu, akatafuta chakula.

Siku ya Kupaa kwa Bwana ilipokaribia, miguu yake ikavimba. Yeye akaendelea kusema maneno, na kijana akaendelea kuandika. Saa tisa ya muchana akaita mapadri wa monasteri, akawagawia mali yake yote: pilipili manga kidogo, vitambaa na ubani. Magaribi kijana Wilbert akamwambia kwamba sentensi moja bado inabaki. Beda akaisema, kijana akaiandika, kisha akatangaza kwamba imekwisha. Muzee akaitika kwamba ni kweli. Akaomba akalishwe chini, uso wake ukielekea mahali alipozoea kusali, akaimba Atukuzwe Baba, akakata roho.

Wa pili ni Mutakatifu Fransisko Xaveri, Muyezuiti, aliyezaliwa Navarra mwaka 1506. Katika safari yake ya kwenda Uhindi alipita pwani ya Afrika: alingoja miezi mingi Msumbiji, chombo kikasimama Malindi, na katika mwezi wa Mei 1542 akafika Goa. Mwaka 1549 akafika Japani. Kule watu walimuuliza namna gani dini hii iwe ya kweli, na Wachina hawaijui. Kwani Wajapani walikuwa wamepokea elimu nyingi kutoka China. Ulizo lile halikumuacha tena. Tangu siku zile alikuwa na shabaha moja: kuingia China.

Lakini China ilikuwa imefungwa kwa wageni. Katika Malaka, mukubwa mumoja wa Wareno alizuia ujumbe ambao Fransisko alitaka kusafiri nao. Akaenda bila ujumbe. Mwisho wa Agosti 1552 alifika kwenye kisanga cha Shangchuan, karibu na pwani ya China. Muchina mumoja mwenye chombo akaahidi kumuvusha kwa siri mupaka Kanton, na malipo yake yalikuwa mizigo ya pilipili manga. Fransisko akangoja. Muchina hakuja. Novemba ilipokaribia kwisha, homa ikamushika, na tarehe 3 Desemba akakufa katika kibanda cha majani. Pembeni yake alikuwa Antonio, Mukristu Muchina. Fransisko alikuwa na miaka 46. Nchi aliyoitamani ilikuwa karibu, naye hakuikanyaga, sawa na Musa juu ya mulima.

Sasa tuangalie tarehe moja. Tarehe 6 Oktoba ya mwaka uleule 1552, Fransisko alipokuwa angali anangoja kwenye kisanga, mutoto alizaliwa Macerata, katika Italia: jina lake Matteo Ricci. Yeye pia akawa Muyezuiti. Mwaka 1583 aliingia China pamoja na Michele Ruggieri, wakakaa katika muji wa Zhaoqing. Akajifunza lugha na vitabu vya Wachina. Mwaka 1601 akapata ruhusa ya kukaa Pekini, akafia kule mwaka 1610. Tusifanye hesabu ya dukani, kusema kwamba kifo cha mumoja kilinunua kazi ya mwingine. Lakini barua za Fransisko zilisomwa katika Ulaya na ziliwasha moyo wa vijana wengi. Yeye aliyekosa kuingia aliwaonyesha wengine mulango.

Wa tatu ni Mutakatifu Toma wa Akwino, ambaye vitabu vyake vimefundishwa katika seminari zetu. Karibu na mwaka 1266 alianza kuandika Summa Theologiae. Alifika katika sehemu ya tatu, palipo mafundisho juu ya sakramenti ya Kitubio. Kisha, tarehe 6 Desemba 1273, kule Napoli, jambo fulani lilimupata wakati wa Misa, na tangu pale hakuandika tena. Rafiki yake Reginaldo alimusihi aendelee. Toma akamujibu kwamba mambo yote aliyoandika yanaonekana kwake sawa na majani makavu. Baba Mutakatifu Gregori X alipomuita kwenye Mutaguso wa Lyon, alitii, akashika njia. Lakini ugonjwa ulimukamata njiani, na tarehe 7 Machi 1274 alikufa katika monasteri ya Fossanova. Mapengo ya kitabu yalijazwa na wanafunzi wake, waliokusanya maandiko yake ya zamani.

Mufano huu ndio mugumu zaidi. Beda alikuwa na haki ya kuharakisha, na Toma alikuwa na haki ya kuacha. Wanapatana wapi? Wote wawili walijua kwamba kazi si yao. Mwenye kuchunga kundi la mwingine anaamuka asubuhi na mapema, lakini mwenyewe akimuita, anaacha fimbo bila kununa.

Tuje sasa kwetu. Monsenyere Victor Roelens, wa shirika la Mapadri Weupe, aliwekwa askofu mwaka 1896. Alitamani mapadri wenyeji. Wengi walicheka shauri hili. Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, upande wa Moba, alimupa Stefano Kaoze upadri, na huyu akawa padri wa kwanza mwenyeji wa Kongo katika nyakati hizi. Ilikuwa miaka 21 ya kungoja. Roelens alikufa mwaka 1947, na Kaoze mwaka 1951. Padri Kaoze hakuona Pierre Kimbondo akiwekwa askofu katika mwaka 1956, wala hakuona majimbo ya Kongo yakisimamishwa tarehe 10 Novemba 1959. Nani atasema kwamba maisha yake yalikatika katikati?

Wandugu, tukiweka shabaha, tuipime kwa maulizo mawili. La kwanza: nani atakula matunda yake? Kama ni mimi tu, kazi ile itakufa pamoja nami, hata nikiimaliza. La pili: mwingine akiikuta katikati, ataweza kuishika? Hapa wengi tunaanguka. Katekista anajua jamaa zote za kijiji chake, lakini daftari lake la Ubatizo lina miaka mitatu tupu. Padri muzee amekusanya maneno na mezali za watu, lakini zote ziko kichwani. Ndugu hawa wanafanya kazi njema, na siku watakapozikwa, kazi itazikwa pamoja nao. Basi jioni hii, mbele ya kuhesabu mambo makubwa tunayotamani, tufungue daftari, tuandike yaliyobaki kuandikwa, na tumufundishe kijana mumoja mahali linapowekwa.