Kuyaacha Mafuta Ardhini: Mataifa Yamefika Wapi
Mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe ndiyo chanzo kikuu cha hewa ukaa inayoipasha dunia joto. Hata hivyo, Mkataba wa Paris wa 2015 hautaji hata kimojawapo. Tangu mkataba wa tabianchi wa 1992, mataifa yamekuwa yakihesabu moshi, si kinachochimbwa. Nchi inaweza kuahidi kupunguza moshi wake huku ikichimba visima vipya na kuuza mafuta nje. Hesabu ya kuyachoma humwangukia mnunuzi.

Kimya hicho kimevunjwa polepole. Mwaka 2021, katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini Glasgow, makaa ya mawe yalitajwa, ingawa saa za mwisho ahadi ya kuyakomesha ilishushwa, kwa shinikizo la India, ikawa ya kuyapunguza tu. Desemba 2023 mjini Dubai nchi zote zilipokea kwa mara ya kwanza wito wa kuachana na nishati ya kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, bila kupewa tarehe. Mjini Belém, Novemba 2025, nchi zaidi ya 80 zilitaka iandaliwe ramani ya kufika huko. Uamuzi wa mwisho haukuitaja. Mikutano hii huamua kwa mwafaka, kwa hiyo wachache wanaoishi kwa mafuta huweza kuwazuia wengi.

Ndiyo maana wenye nia wameungana pembeni. Uingereza na Kanada zilianzisha mwaka 2017 muungano wa kuacha makaa ya mawe, na Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa hayo, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Denmark na Kosta Rika zilianzisha wa mafuta na gesi mwaka 2021. Vanuatu, taifa la visiwa, linadai mkataba mpya wa kuzuia uchimbaji wenyewe. Kolombia iliunga mkono dai hilo mwaka 2023, na uzito wake ni mkubwa kwa sababu yenyewe huuza nje mafuta na makaa ya mawe.

Ushirikiano hukwama hasa kwenye fedha. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa wa Ekuador alitoa pendekezo ambalo naliona la haki kuliko yote: mapipa takriban milioni 850 chini ya sehemu ya mbuga ya Yasuní, katika msitu wa Amazon, yasiguswe, mradi dunia ichangie dola bilioni 3.6, kama nusu ya thamani yake. Kufikia Agosti 2013 zilikuwa zimepatikana takriban milioni 13. Correa aliufuta mpango, na mwaka 2016 mafuta yakaanza kutoka. Ilibidi wananchi wenyewe, kwa kura ya maoni ya Agosti 2023, waamue kwa karibu asilimia 59 kuusimamisha uchimbaji, na hasara waibebe wao.

Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 mwaka 2021 iondokane na makaa ya mawe, lakini sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Marekani, mmoja wa walioahidi, ilijitoa mwaka 2025.

Afrika Mashariki inaujua mvutano huu kupitia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huo. Ilhali Mei mwaka huohuo, Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alikuwa Senegal akizungumzia ushirikiano wa kuchimba gesi ya nchi hiyo. Uganda na Tanzania zina haki ya kuuliza kwa nini zitangulie zenyewe, tena bila fidia, na wanaohoji hadharani athari za bomba kwa wakulima waliohamishwa wana haki ya kusikilizwa vilevile.