Viungo vya Ng'ombe na Uadilifu wa Kugawana

 

Kila ifikapo Idd el-Haj, katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Tandale na Magomeni, Waislamu saba huchangishana wakanunua ng'ombe mmoja, mara nyingi kutoka mnada wa Pugu. Kuchinja si tabu. Tabu huanza katika mgao: nani achukue sarara na steki, nani apate nundu, na nani aondoke na shingo na mifupa?

Asili ya ushirika huu ni Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria (628). Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kuwa walichinja pamoja na Mtume (S.A.W.) ngamia kwa watu saba na ng'ombe kwa watu saba.

Kupenda kiungo fulani si kosa. Abu Huraira (R.A.) amepokea, kwa Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliinuliwa nyama ya mkono, nayo ilikuwa ikimpendeza. Huko Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, mwanamke wa Kiyahudi aliulizia kiungo hicho hicho, kisha akazidisha sumu ndani yake. Kosa ni kumdhulumu mshirika.

Mafaqihi walilitazama jambo hili kwa makini. Mahanafi wamesema nyama igawanywe kwa mizani, si kwa kukisia, kwa kuchelea riba ya nyama kwa nyama. Isipokuwa ikiwa pamoja na fungu imetiwa sehemu ya makongoro au ngozi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) ameeleza kuwa hukumu inategemea: je, kugawana ni kupambanua haki ya kila mtu, au ni kuuziana? Ikiwa ni kupambanua, inajuzu.

Lakini mizani peke yake haimalizi manung'uniko. Kilo ya sarara na kilo ya shingo ni sawa kwenye mizani, si sawa buchani. Lililo salama ni kila kiungo kikatwe mafungu saba: paja saba, mkono saba, kidari, mbavu, nundu na maini vivyo hivyo. Kisha ipigwe kura, kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwapigia kura wakeze anaposafiri. Kichwa ni kimoja na makongoro ni manne; hivyo viamuliwe kwa ridhaa, au wapewe mafakiri.

Wala mchinjaji asilipwe kichwa wala ngozi. Ali (R.A.) aliamrishwa katika Hija ya Kuaga asimpe mchinjaji chochote katika wanyama wale kuwa ujira, ujira wake ulitoka mfukoni.

Ndugu zangu maimamu, tuyafundishe haya kabla ya siku ya Idd, si baada ya ugomvi. Ibada iliyokusudiwa kumkaribia Allah isiwe sababu ya majirani kununiana.

Wallahu a'alam.