Mbwa na mbuzi wa Goma mbele ya volkano, mazuku na kichaa

Wakati wakaaji wa Goma wanahesabu hasara za volkano ya Nyiragongo, wanahesabu wafu, nyumba, masomo na barabara. Wanyama wa nyumbani hawapati nafasi katika hesabu hiyo. Lakini kwa familia nyingi za Goma, Kibumba na Sake, mbwa ndiye mlinzi wa parsele, mbuzi ndiye minervali ya watoto, na kobaye wanaokimbia chini ya meza ya jikoni ndio mboga ya siku mgeni anapofika. Na mara nyingi katika historia ya mji huu, kile kilichoua mnyama asubuhi kilikuwa njiani kumfikia mtu.

Tarehe 10 Januari 1977, ubavu wa mlima Nyiragongo ulipasuka. Ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, na siku ile iliteremka kwa mbio kama ya gari, hadi karibu kilometa 60 kwa saa kwenye mteremko. Watu wa vijiji vya chini hawakupata muda wa kufungua zizi. Hata tembo wa porini hawakuiponyoka. Baadaye watafiti walikuta ndani ya lava iliyopoa mashimo yenye umbo la miili yao. Tangu siku ile wazee wa Nyiragongo wanajua kwamba mnyama aliyefungwa kwa kamba ngumu usiku wa volkano ni mnyama aliyekwisha kufa.

Hatari ya pili haina moto wala kelele. Wakaaji wa huku wanaiita mazuku, ule upepo mbaya unaoua usiku, na leo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanaandika neno hilo hilo katika kazi zao. Ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya lava. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi, haina harufu. Kwa sababu ya uzito wake inajaa mashimoni na mabondeni kama vile maji yanavyojaa beseni. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inabaki pale pale. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua.

Ndiyo maana mazuku inaanza na wafupi. Mtu mzima anaweza kupita kandokando ya shimo akiwa na kichwa juu ya gazi, huku mbwa wake, mbuzi wake au kuku wake akivuta gazi hiyo hiyo karibu na udongo. Gazi ikizidi sehemu 10 kwa 100 za hewa, kiumbe anazimia kwa dakika chache tu, halafu anakufa. Jambo hilo lilijulikana pia mbali na hapa. Huko Italia, karibu na mji wa Napoli, kuna pango ambalo tangu zamani liliitwa Pango la Mbwa. Walinzi wake walikuwa wakimwingiza mbwa mbele ya wageni: mtu anasimama bila shida, mbwa anazimia miguuni pake, kisha anatolewa na kutiwa ziwani ili azinduke. Kwa wageni wale ulikuwa mchezo. Kando ya ziwa Kivu haujawahi kuwa mchezo, kwa maana baada ya mbwa, aliye mfupi ni mtoto, na baada ya mtoto ni mtu mzima aliyelala chini.

Mwaka wa 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu katika mwezi wa Julai. Wengi walipelekwa Mugunga, juu ya mawe ya lava, mahali ambapo mazuku inatoka. Wageni hawakujua mashimo gani yanaua. Wenyeji walijua, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuona pale ndege, panya na mbwa waliokufa bila jeraha. Miaka ya nyuma, familia za wahami wa vita zilipanga tena vibanda Bulengo na Lac Vert, katika eneo hilo hilo. Kila mara ardhi ni ile ile, lakini watu ni wapya, na ujuzi wa mwenyeji haufiki wenyewe katika kibanda cha mhami. Lazima mtu aupeleke.

Ujuzi huo ni mfupi. Mbuzi hafungwi katika shimo hata kama majani ni mazuri. Mbwa, kuku na kobaye hawalazwi katika chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi. Asubuhi wanyama hawatolewi kabla ya jua kupanda. Na mnyama akianguka ndani ya shimo, hakuna anayeshuka kumchukua; anavutwa kwa kamba au mti kutoka juu, au anaachwa mpaka upepo upite. Mtu anayemfuata mbuzi wake ndani ya mazuku anaongeza mfu mmoja.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ilikata mji wa Goma katikati na kufika ziwani. Watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kuelekea Gisenyi, na zaidi ya 100 000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni, mlima ulilipuka tena, na lava ikasimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, viongozi waliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na misururu ya watu ikaelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Katika safari kama hiyo mama ana mtoto mgongoni, bideyo mkononi na godoro kichwani. Kuku anaweza kuingia katika kikapu, kobaye katika katoni yenye matundu. Mbwa anabaki. Na watu wengine wanarudi mapema kutafuta mifugo: mwaka wa 2021 kulikuwa watu waliokufa kwa gazi wakijaribu kuvuka lava ambayo ilikuwa bado na joto.

Mbwa aliyebaki peke yake katika mji mtupu anakuwa hatari ya tatu. Anatafuta chakula, anajiunga na mbwa wengine, wanapigana na kuumana, na kichaa cha mbwa kinapita kwa mate. Tangu mwaka wa 1885, wakati Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, dunia ina kinga. Lakini mpaka leo karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa, 99 kwa 100, waliambukizwa na mbwa, na ugonjwa ukishaonyesha dalili hauponi. Kidonda cha kuumwa kinaoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Na mbwa mwenyewe anachanjwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Katika kambi ambako watoto na mbwa wanalala chini ya bashi moja, chanjo ya mbwa ni ulinzi wa mtoto.

Kuna pia maji. Moshi wa volkano unaharibu mvua, na vipimo vimeonyesha fluori nyingi katika maji ya mvua ya upande wa Nyiragongo. Huko Islandi, baada ya volkano ya Laki kulipuka mwaka wa 1783, zaidi ya nusu ya kondoo wa nchi walikufa, wengi kwa sababu ya fluori iliyoanguka juu ya majani. Moshi ukishuka juu ya vijiji, majani ya mbuzi na kobaye yanaoshwa, birika la maji linafunikwa, na mvua ya kwanza inaachwa ipite.

Nyiragongo itawaka tena. Familia iliyokwisha kuhama mara mbili au tatu inajua kupanga karatasi za kura na vyeti vya watoto karibu na mlango. Kamba inayofunguka upesi, kikapu cha kuku na karatasi ya chanjo ya mbwa vinaweza kukaa pale pale.