"Living on My Own": Kibao cha mzaliwa wa Zanzibar kilichofika namba moja mwenyewe akiwa ameshafariki

Ukiisikia ngoma hii redioni ukiwa Mwimbi, Sumbawanga mjini au kokote kule, ni ngumu kukisia kwamba anayeimba alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Lakini ndivyo ilivyo. "Living on My Own" ni kibao cha Freddie Mercury, mwimbaji wa Uingereza anayejulikana zaidi kwa bendi yake ya Queen. Ndicho kibao pekee alichotoa bila bendi hiyo kikafika namba moja kwenye chati ya Uingereza. Ilikuwa Agosti 1993. Yeye alifariki Novemba 24, 1991.

Wimbo wenyewe ulikuwa na miaka 8 tayari. Mercury aliurekodi Munich, Ujerumani, kwa ajili ya "Mr. Bad Guy", albamu yake ya kwanza nje ya Queen, iliyotoka Aprili 1985. Albamu ilifika namba 6 Uingereza, na kibao chake cha kwanza, "I Was Born to Love You", kikaishia namba 11. Kwa staa wa ukubwa ule, si mbaya sana, lakini si ya kujivunia.

"Living on My Own" ilipotolewa Septemba mwaka huohuo, ilikwama namba 50. Na hapo zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu Julai 13, siku Queen walipoitikisa Wembley kwenye tamasha la Live Aid. Inaonekana watu walimtaka Freddie, ila walimtaka akiwa na wenzake.

Wimbo unahusu upweke. Maneno yake ni machache, na katikati Freddie anaachana nayo kabisa, anacheza na sauti tupu kama waimbaji wa jazi wafanyavyo, huku kinanda kikimfuata. Video nayo inakwenda upande mwingine: ilipigwa klabu moja ya Munich kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, wageni wamevaa nyeusi na nyeupe, vicheko kila kona. Mtu anaimba kwamba hana mtu, na ukumbi umejaa watu wake. Ukiijua hiyo, video inaumiza kidogo.

Kilichobadilisha mambo ni rimiksi. Watayarishaji waliojiita No More Brothers, akiwemo Mbelgiji Serge Ramaekers, waliichukua sauti ya Freddie na kuiwekea mdundo wa hausi, ule uliokuwa ukitawala kumbi za disko za Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Picha za sherehe ya Munich zikatumika tena. Safari hii ngoma ikapaa: wiki mbili namba moja Uingereza, na Ufaransa nako ikafika kileleni.

Freddie hakuwahi kuisikia. Alitangaza kuwa ana UKIMWI Novemba 23, 1991, na kesho yake akafa, akiwa na miaka 45. Hivyo toleo ambalo watu wengi wanalijua ni lile ambalo yeye hakulipitisha wala kulikataa. Kwa kucheza, rimiksi inashinda bila ubishi. Kwa kusikiliza anachosema, ile ya 1985 ndiyo inayokufikisha, maana mdundo haukukimbizi.

Sasa turudi nyumbani. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Septemba 5, 1946, katika familia ya Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Akiwa na miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963. Hakukaa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, pembeni ya London, na hapo ndipo muziki wake ulipoanza kuchukua sura tunayoijua.

Zanzibar imekuwa na uhusiano mgumu na mtoto wake huyu. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, kundi la Uamsho lilipinga vikali, likisema maisha yake yanakwenda kinyume na maadili ya Kiislamu. Sherehe ikafutwa.

Miaka 13 baadaye upepo ulikuwa umegeuka. Novemba 2019, mwaka mmoja baada ya filamu ya "Bohemian Rhapsody" kuzunguka dunia, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani, kwenye nyumba inayohusishwa na familia yake. Watalii wanaingia kwa kiingilio, wanapiga picha mlangoni, wanaendelea na safari zao. Utalii, kama kawaida, umefungua mlango ambao mabishano yaliufunga.

Anayetaka kulinganisha matoleo mawili ya wimbo huu atayapata yote mtandaoni. Angalia mwaka kabla ya kubonyeza, kwa sababu jina ni lilelile, na ya 1993 ndiyo hutangulia kutokea.