Miungu ya Wagiriki Katika Majina Yetu

Mutu akisimama ku soko ya Baraka aite "Denis!", watageuka wengi. Aite "Epafrodite!", hata huyo hatakosa. Sisi wa Bibokoboko tumezoea kusema ni majina ya ubatizo, ama ya Wazungu. Kusema ukweli, mengine yalianza kwa Wagiriki wa zamani, tena kwa miungu yao.

Denis ni Dionisio, maana yake mtu wa Dioniso, mungu wa divai. Ndilo jina la Denis Mukwege, daktari wa Panzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, naye ni mtoto wa mchungaji! Epafrodito, yule Paulo anayemtaja kwa Wafilipi, ametoka kwa Afrodite, mungu mke wa mapenzi. Artema wa barua kwa Tito ni wa Artemi. Wagiriki hao walipoamini hawakubadilisha majina, basi kanisa likayabeba pamoja nao. Lakini kule Listra watu walipowaita Barnaba Zeu na Paulo Herme, mitume walipasua nguo zao. Kuitwa jina la mungu ni jambo moja, kuitwa mungu ni lingine.

Apolo naye amefika kwetu Kongo kwa miguu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Mboga, Ituri, mwaka 1896, akahubiri na kufa huko mwaka 1933. Hilo la pili ni la utani, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti lake jekundu. Jina moja la Ugiriki, lingine la koti.

Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina haya. Akina Denis wakayaficha nyumbani, ku ofisi wakaandikisha ya mababu. Yalirudi waziwazi kuanzia 1990, na wazee wetu wengine hawakufurahi. Tunawaelewa. Jina la kwetu linasema mtoto alizaliwa wakati gani, au ni nani aliyemtangulia. Epafrodite haisemi kitu juu ya nyumba yake. Tangu vita vya kuanzia 2019 vilipotutawanya, tunaona wazazi wengine wakimpa mtoto jina la babu kwanza, lile la ubatizo likafuata, juu babu amebaki bila kaburi linalotembelewa.

Kuna Artemi mwingine ambaye hakuna mzazi aliyemchagua. Mwezi wa sita 2003, kwa azimio 1484 la Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya ulituma askari Bunia, wakiongozwa na Ufaransa. Operesheni ikaitwa Artémis. Kwa Wagiriki huyo ni mwindaji, tena mlinzi wa watoto. Askari walituliza mji na kiwanja cha ndege, lakini kazi yao ilikuwa Bunia tu; vijijini watu waliendelea kuuawa, na tarehe 1 ya mwezi wa tisa wakaachia MONUC. Ni watu wangapi wa Ituri walijua ni nani huyo waliyetumiwa?

Wafaransa walikuwa wameanza kuipanga kwa jina la Mamba. Kwao mamba ni nyoka. Kwetu sisi, wa kando ya Tanganyika, ni yule anayengoja majini.